Mwendo wa Ng'ombe

Dodoma

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu. Habari za hapo Ngulyati? Dada anaendeleaje tangu ajifungue? Nimesikia mtoto ananyonya vizuri, nimefurahi. Mimi ni mzima, kazi ya kuchapa na kutoa kopi dukani kwa Mama Rukia inaendelea. Nakuandikia kwa sababu simu yako uliiacha nyumbani Nkololo, na kuna jambo nataka ulisikie kwangu.

Huku kulikuwa na shindano la watu wanaoanza kujifunza kutengeneza programu za kompyuta. Kila mtu atengeneze mchezo mdogo wenye picha zinazotembea. Mama Rukia aliniruhusu kutumia kompyuta ya duka wateja wakipungua. Kwenye mchezo wangu msichana anapeleka ng'ombe lamboni kunywa maji, na anayecheza anabonyeza vitufe ili ng'ombe wasiingie kwenye pamba ya jirani. Pamba nilichora ikakubali, lambo pia. Ng'ombe ndiye aliyekataa. Alikuwa anateleza tu, miguu haieleweki.

Asubuhi moja nikakupigia nikuulize ng'ombe anaanza na mguu gani. Akapokea baba. Unajua tangu niache chuo cha uuguzi alikuwa hasemi na mimi. Nilitaka kukata.

"Mama yako hayupo," akasema.

Nikamuuliza yeye. Nikadhani amekata, kumbe anafungua zizi, nikamsikia anamswaga dume.

"Wa nyuma wa kushoto," akasema. "Halafu wa mbele upande huohuo. Wa nyuma unakanyaga pale wa mbele ulipotoka. Miaka yote umechunga hukuona?"

"Sikuangalia, baba."

"Ulikuwa unaangalia pamba ya watu ikishaliwa."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka, ila hakukata simu.

Nikachora miguu upya, picha nane kwa hatua moja. Sikushinda, mayu. Nimekuwa wa nne, na zawadi walipewa watatu. Mchezo uliganda mara mbili mbele ya waamuzi. Lakini mwamuzi mmoja, mama wa makamo, aliucheza tena na tena, akauliza nani kanifundisha mwendo ule. Nikamwambia ni baba yangu, mfugaji. Walioandaa shindano wamenipa nafasi ya kusoma kwao jioni. Kazi ya dukani siachi.

Chuo cha uuguzi sitarudi. Juzi baba alipiga mwenyewe, nikamwambia hivyohivyo. Akasema, "Haya."

Msalimie dada, shemeji, na bibi mzaa baba ukirudi Nkololo. Mtoto mbusu kwa niaba ya mama yake mdogo.

Nimalizie hili. Kabla ya kuagana juzi, baba aliuliza kama huo mchezo unaweza kuingia kwenye simu yako. Nikamwambia simu ya kitochi haiwezi.

"Basi uje nao," akasema.

Nitakuja, mayu.

Ni mimi binti yako,
Kabula