Ukiambiwa Usimame

Ilomba, Mbeya
Jumanne, 3 Novemba

Kaka Liberatus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Sabina na watoto, na kwamba mguu wa wifi umepona. Huku sisi hatujambo. Mvua za kwanza zimenyesha, na Bertha wako anakula vizuri hadi sare imeanza kumbana.

Habari mpya kuliko zote ameitangaza Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Jailos, leo asubuhi mstarini. Amesema siku ya wazazi mwaka huu haitakuwa na hotuba ndefu. Darasa langu la tatu litaonyesha michezo yake ya Kiingereza, na wazazi watacheza pamoja na watoto.

Mwezi wa nane uliniambia kwenye simu kwamba hukumleta mtoto Mbeya aje kucheza, na kwamba mwaka ukiisha hajaweza kuzungumza Kiingereza, utamrudisha Kilolo. Sikukujibu, kwa sababu wakati ule alikuwa hazungumzi.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mtoto anasimama mbele na kutoa amri kwa Kiingereza: kaa, simama, gusa pua, funga mlango. Tunatii wote, hata mwalimu, na anayekosea anatoka. Gwakisa, mtoto wa fundi baiskeli wa hapa jirani, aliwahi kuniamuru niruke kwa mguu mmoja hadi kiatu kikanitoka. Ilipofika zamu ya Bertha, alitazama miguu yangu akanyamaza. Zamu iliyofuata ikawa vilevile. Gwakisa akamwambia kwamba watu wa Kilolo wamezoea kuongea na viazi. Mwalimu Zuena wa darasa la pili alinishauri nimrudishe kwake akaanze upya, nami nilikaribia kukubali.

Kisha Jumamosi moja nilimkuta uani akiwaamuru kuku wangu kwa Kiingereza: waingie, watoke, wanyamaze. Kuku hawakutii, lakini Kiingereza hakikuwa na kosa. Nilimuuliza kwa nini kuku wanaambiwa na mimi siambiwi. Akajibu kwamba kuku si shangazi. Alisema wewe ulimfundisha kuwa mtoto hamwamrishi mtu mzima, na kwamba bibi angekuwepo darasani angemfinya.

Nilimuuliza nyumbani tunafanyaje tukitaka kumwomba mkubwa jambo. Akasema tunaanza na salamu. Jumatatu alisimama mbele, akapiga goti kidogo, akanisalimu kwa Kiingereza kama tunavyosalimiana kwetu: nimeamkaje, nyumbani wanaendeleaje, mahindi yamefikia wapi, ng'ombe je. Sina ng'ombe, lakini nilijibu kwamba ni wazima. Ndipo akaniomba, tafadhali, nisimame. Nikasimama. Gwakisa alilalamika kwamba kwa mwendo huo kengele italia tukiwa bado tumekaa, lakini wiki hiyohiyo naye aliniuliza habari za mbuzi. Sasa darasa zima linasalimu kabla ya kuamuru, na watoto waliokuwa wakisema neno moja wanasema maneno mengi.

Kaka, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Siku ya wazazi kila mtoto atamwongoza mzazi wake mmoja. Bertha aliomba awe mama yake. Nilipomuuliza sababu, alisema baba hatasimama. Nimekutaja wewe kwa Mwalimu Mkuu bila kukuomba ruhusa, na Bertha nimemwambia kwamba umekubali. Uongo huo ni wangu, mtoto hana kosa. Wewe ndiye uliyemfundisha adabu hiyo, kwa hiyo ni wewe tu unayeweza kumwonyesha kwamba hajaivunja. Ukikataa mbele za watu, naamini atanyamaza tena, na sitajua pa kuanzia.

Kiingereza kisikutie wasiwasi. Atakusalimu kwa muda mrefu. Wewe itikia kwa kichwa. Akimaliza atainua mkono. Hapo simama.

Wifi Sabina msalimie sana, na bibi mwambie kwamba mjukuu wake bado anapiga goti. Ukija, niletee njegere kidogo.

Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe 14 Novemba, saa tatu kamili. Benchi la mbele ni lako. Uwe umeshakaa mapema, maana asiyekaa hawezi kuambiwa asimame.

Ni mimi mdogo wako,
Severina