Baliuliza Minyi

Mujukulu wangu Ngoie,

Jambo sana huko Lubumbashi. Hapa Kamina tuko bazima. Mvua ilianza, mama yako mukubwa anapanda mahindi, na kambo yako mwanaume, bwana yangu, anakohoa tena lakini anakatala dawa. Unamujua.

Uliniuliza: "Kambo, juu ya nini unafuta maneno telefone inakupatia, halafu unaandika yaleyale?"

Kwanza, sikuiomba. Pale pa kuandika mesaji palikuwa pa kuandika tu. Sasa balitia ndani akili ya mashine, na mbele ya minyi kuweka kidole, imeshaandika jibu langu.

Siku kambo yako alikuja kunioa, vitu vya mahari vilikuwa chini, mbele ya baba. Baba akaniuliza kama avipokee. Kwetu, binti mwenyewe njo anajibu. Nilikuwa nafikiri, nikakawia, shangazi akaogopa nitakatala. Akapaza sauti: "Anakubali!" Bantu bakaanza kupiga mikono.

Nikasimama. "Shangazi, nyamaza. Baliuliza minyi, hapana weye."

Bakaacha kupiga mikono. Shangazi akaninongoneza: "Sasa weye utasema nini ingine?"

Nikamaliza kufikiri kwanza. Halafu nikasema: "Nakubali."

Neno lilikuwa lilelile. Lakini lile la shangazi halikunifunga na muntu. Langu njo linaniweka na huyu muzee wa kukohoa mpaka leo.

Basi telefone inione mujinga kama inataka. Nitaendelea kufuta.

Ona, hata hapa chini imeshaandika: "Nakupenda sana." Nimeifuta. Ingojee, nafikiri.

Nakupenda sana.

Kambo yako mwanamuke