Basi Langu Haliuzwi

Binti yangu mkubwa, mkaidi mwenzangu,

Salamu tele. Mimi mzima kama chuma.

Unasema niuze basi nihamie chumba chako cha nyuma. Mwanangu, nyumba isiyo na magurudumu itanitia homa! Humu nina kitanda, jiko, na injini inayonguruma vizuri kwa sababu naipima oili kila asubuhi kabla haijapata moto. Mtungi wa gesi naufunga kabla ya safari, na mizigo naigawa pande zote. Jirani yangu fundi redio, naye anayeishi garini, aliweka kitanda, tangi la maji na mkewe upande mmoja. Sasa gari lake limeinama kama mtu anayeumwa jino. Nilimwonya, akanicheka.

Juzi niligonga nguzo ya lango. Jirani huyo akapiga kelele, "Mzee, hukuiona?"

"Imesogea," nikamjibu.

Lakini wewe sikufichi. Jicho la kulia limeingia ukungu, na la kushoto linalifuata.

Kwako sihamii. Omba likizo, uje na leseni yako, unipeleke kwa daktari wa macho kwa basi hili hili. Mimi nitakaa kando nikisikiliza injini. Ukikwaruza gia, utanisikia.

Ni mimi baba yako, dereva nisiye na mpinzani.