Mama Alipomtoa Mjomba Bungeni

Jumamosi, mtaani Skuta. Baridi ya mwezi wa saba haina adabu. Naandika nikiwa na soksi mbili na blanketi la Mama.

Mama ameachia kiti. Mihula mitatu akiwa spika wa bunge letu la kaunti, na leo tumemfanyia sherehe hapa nyumbani. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kianyaga, ambaye wazee waliapa hatamaliza hata muhula mmoja. Haki najivunia, na nitajivuna hadi mnichoke!

Lakini macho yake leo yalikuwa kwa geti. Alikuwa anamngoja Mjomba Ndiritu, ndugu yake.

Mjomba alikuwa mwakilishi wa wadi katika bunge hilohilo. Siku moja alimtukana mwakilishi msichana aliyekuwa akieleza shida ya maji. Mama akamwambia aombe msamaha. Akakataa, ati dada ni dada, atamfanya nini? Mama akaita askari wa bunge. Mjomba akatolewa nje mbele ya kamera.

Tangu hapo hajanywa chai yetu. Hata tulipomzika Cucu, mama yao, walikaa hema tofauti. Mama hakuwahi kusema anaumia, lakini kila Krismasi alipika irio nyingi kupita kiasi, na sote tulijua ni za nani.

Leo mchana geti likagongwa. Wueh! Mjomba, na mbuzi wa soko la Chaka kwenye kamba. Kwetu mtu haleti mbuzi kama hana neno la kupatana.

Akasimama mbele ya wageni. Akasema yeye ndiye alikosea, na kwamba kama dada yake angemwacha siku ile, hakuna mtu angemwamini tena kwa hicho kiti. Nikalia bila aibu.

Halafu akaendelea. Akaingilia mvua, goti lake, vijana wa siku hizi. Chakula kinapoa.

Mama akagonga meza na kijiko. "Mheshimiwa, muda wako umeisha. Keti."



Mjomba akamwangalia, akaketi. Kisha akacheka hadi akapangusa macho, na Mama naye.

Ndugu yangu akikosea mbele ya watu, mimi nitaweza kumtoa nje? Sijui. Naomba niwe na hata nusu ya moyo wa Mama.

Nimewaacha sebuleni wakibishana. Mjomba ameitisha kikombe cha tatu cha chai.