Mwezi Wangu Umefunikwa kwa Turubai

Mpendwa Mama Eufrasia,

Sikuandikii kwa furaha, maana mimi ndiye niliyewahi kusema redioni kwamba safu za ushauri kama hii yako zinawafanya watu wazima wawe wavivu wa kufikiri, na kauli hiyo sijaifuta, lakini lililonipata limenishinda, na mke wangu amekataa kulijadili tena, kwa hiyo naomba msaada, na jina langu usilifiche kwa kuwa sina mazoea ya kujificha.

Naitwa Telesphory, mkazi wa Buzebazeba. Nina duka la steshenari karibu na soko, natoa kopi, nawachapia watu barua za kuomba kazi, na kazi hizo zikipungua naandika hadithi za kisayansi, yaani hadithi za zama ambazo hazijafika, zenye vyombo vya angani na mitambo inayofikiri, na zote zinatokea hapa hapa Kigoma kwa sababu sijaona sheria inayosema chombo cha angani lazima kitue nchi za watu. Wachapishaji wa Dar es Salaam waliniambia kwamba msomaji wa Kiswahili anataka mapenzi na uchawi, nikawajibu kwa barua ambayo natumaini inawawasha mpaka leo, kisha nikachapa vitabu vyangu kwa mashine yangu, nikavibana kwa pini zangu, nikavipanga kwenye meza yangu, na nakwambia kweli, Mama, maisha haya nayapenda. Hakuna wa kunifutia sentensi. Nasoma kila kinachopita mbele yangu, maana mwandishi asiyesoma ni mpiga domo tu, na nagombana na ninayetaka.

Na raha kubwa kuliko zote ni siku za mbalamwezi. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba wavuvi wa dagaa hufuata giza, kwa kuwa mwezi ukijaa taa zao hazina maana, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapumzika na watu wanashinda mwaloni, pale mitumbwi inapotua, wakishona nyavu. Alasiri moja ya siku hizo nilikwenda mwalo wa Kibirizi kumfuata mke wangu Merina, ambaye hununua dagaa na kuwasafirisha kwa treni, nikiwa na kurasa mpya mkononi, wakaniomba niwasomee, nami nikasoma, na tangu hapo imekuwa desturi kwamba mwezi ukijaa mwandishi anakuja, anakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nyavu zinashonwa na hadithi inasomwa. Hawa si watu wa kupiga makofi na kwenda zao. Kuna mmoja aliyenisimamisha katikati ya vita vya angani akitaka kujua wale askari wanakula nini na nani anapika, nikarudi nyumbani nikaandika sura nzima ya jikoni, na ikawa sura bora ya kitabu. Nionyeshe profesa aliyewahi kunisaidia hivyo.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Hadithi ninayowasomea siku hizi inaitwa Mwezi wa Kampuni, ina vitabu vitatu, viwili nimeshauza na cha tatu kiko tayari kuchapwa. Ndani yake kampuni moja inatundika mwezi wa kutengeneza juu ya Ziwa Tanganyika ili bandari ifanye kazi bila kukoma, giza linakwisha Kigoma, dagaa wanatawanyika, taa za wavuvi zinabaki mapambo, na mwishoni watu wanalihama ziwa, linabaki linang'aa tupu kama sinia lililooshwa. Ni mwisho mchungu na niliukusudia uwe mchungu, kwa sababu nimechoka na hadithi zinazombembeleza msomaji alale. Mwezi uliopita nilisoma sura ya mwisho kasoro moja, na walipoanza kunung'unika nikawaambia wazi kwamba mwezi ule hautazimika, wasisubiri miujiza.

Wiki ile ile wakaja dukani, wamevaa mashati safi, wakiongozwa na Mzee Assani mwenye mitumbwi pale Kibirizi. Nikamwamkia, nikampa kiti, akakohoa.

"Mwandishi, tumekuja kwa heshima. Tunakuomba uuzime ule mwezi."

"Mzee wangu, ile ni hadithi."

"Tunajua ni hadithi. Ingekuwa kweli tungekwenda kwa mkuu wa wilaya."

Nikawaeleza kwamba mwandishi huru hapangiwi mwisho, wala na serikali wala na mchapishaji wala na mvuvi, na Mzee Assani akasema basi wao nao ni wasikilizaji huru, na mwezi ukiwa haujazimwa hawaoni sababu ya kuniandalia mtumbwi wa kukalia. Tukaagana vizuri, lakini tukaagana hivyo.

Hilo ningelimudu. Lililonivunja ni Yunisi. Huyu ni mama mmoja anayeanika dagaa pale Kibirizi, huwa anasikiliza akiwa vichanjani kwake anageuza dagaa, sijawahi kumsikia akiuliza swali. Mama huyu amechukua simu yake, akajirekodi kwa sauti, akaisimulia hadithi yangu kwa mwisho anaoutaka yeye, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi wa dagaa, na kwa kuwa kila mtu ana shangazi kwenye kundi hilo, sasa iko mji mzima. Katika mwisho wake, wanawake wa vichanjani wanamwendea Kapteni Veneranda, rubani niliyemtunga mimi, na kumwambia kwamba mwanga ule haukaushi dagaa wala hauwaachii wavuvi giza, ni mwanga wa hasara kwa pande zote, kisha wanashona maturubai yote ya Kigoma na Ujiji yawe moja, Kapteni analipandisha kwa chombo chake, na wanaufunika mwezi wa Kampuni vilevile wanavyofunika dagaa wingu la mvua likitokea ziwani. Halafu kuna wawili wanaogombana huko juu nani ashike pembe ipi, na mmoja anasahau ndala zake mwezini.

Kisayansi ni upuuzi. Kamba zimefungwa wapi? Na nilipokuwa natafuta jibu la swali hilo, nikajikuta nimekaa saa nzima nachora vifundo.

Vijana wa bodaboda wa Kasingirima sasa wananiita Mzee wa Turubai. Mteja mmoja alileta vyeti vyake nimtolee kopi, akaniuliza kama mimi ndiye mtunzi wa ile ya turubai, nikasema hapana, mimi ni wa ile ya kwanza, akasema pole. Lakini hayo yote ni ya nje. La ndani ni hili: sura yangu ya mwisho nilimsomea Merina sebuleni, kwa sauti, mpaka nukta, naye akasema, "Sawa," akaenda kuangalia maharage. Siku chache baadaye nikamsikia jikoni akicheka peke yake, kicheko cha kushika meza, nikaenda kumwangalia, nikakuta simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, na sauti ya Yunisi inasimulia habari za ndala.

Nimeandika makala, Mama. Nimeandika jinsi kazi ya mtu inavyoporwa mchana kweupe, nimemtaja Yunisi kwa jina, nimeuchambua mwisho wake sentensi kwa sentensi, na bila kujisifu ni makala kali kuliko zote nilizowahi kuandika, hata ile barua ya wachapishaji haiifikii. Nilipomwonyesha Merina hakumaliza ukurasa wa kwanza. Alisema, "Baba Bariki, ukiituma hii, kesho ukanunue dagaa Burundi, maana Kibirizi sitakuwa na uso wa kukupeleka."

Mbalamwezi inakaribia. Nikienda na mwisho wangu, nitausomea nyavu. Nikienda na wa Yunisi, mimi si mwandishi tena, ni mpiga chapa wa mawazo ya watu. Nisipokwenda kabisa, nitakuwa nimeipoteza raha niliyokueleza hapo juu, na nikiituma makala nitashinda, maana huwa nashinda, ila sijui nitakaa wapi baada ya kushinda. Niambie nifanye nini, na usinibembeleze.

Telesphory, Buzebazeba.

MAMA EUFRASIA ANAJIBU

Ndugu yangu Telesphory, sikubembelezi. Kile kipindi cha redio nilikisikiliza, na nilikuwa nasubiri barua yako tangu siku ile.

Kwanza pole. Pole ya kweli, kwa sababu mtu kumsikia mwenzake wa ndani akicheka kwa maneno ya mwingine ni jambo linalouma, awe mwandishi au muuza nyanya. Pia una haki katika hili: Yunisi alipaswa kukuuliza. Rubani ni wako, mwezi ni wako, na ustaarabu ulimtaka apite dukani aseme, "Mwandishi, nina wazo." Nitamwambia hivyo hadharani na hapa nimemwambia.

Hilo nimelimaliza, sasa hebu kaa vizuri. Umelia miaka yote kwamba wachapishaji wanawadharau watu wetu, wanadai kwamba wanataka mapenzi na uchawi tu, kwamba hakuna anayeweza kufikiria kesho kwa Kiswahili. Leo wazee wanavaa mashati safi kuja kukuomba uzime mwezi, mama wa vichanjani anapandisha turubai angani, na mji mzima unabishana juu ya ndala zilizobaki huko, na wewe unaandika makala ya kushitaki. Ulitaka wasomaji wa namna gani? Wa kukaa kimya? Hao ndio wasomaji waliotakiwa na wachapishaji wa Dar es Salaam, nawe ukawakataa.

Na hiyo habari ya sayansi acha. Kitabu chako cha kwanza kina merikebu inayopumua kwa mapezi kama samaki wetu kuhe. Nimekisoma. Kuhe hapumui kwa mapezi, anapumua kwa mashavu, na hakuna mtu wa Kibirizi aliyekuandikia makala kwa sababu hiyo. Walikuachia kwa kuwa hadithi ilikuwa tamu. Mwachie na mwenzako kamba zake, hasa kwa kuwa umeshaanza kumfungia vifundo.

Sasa fanya hivi. Makala ifute leo, kwenye mashine na kwenye simu, usiiweke mahali pa kuja kuionea fahari. Kisha nenda Kibirizi kabla ya mwezi kujaa, asubuhi watu wanapoanika, umsalimie Yunisi mbele ya wenzake. Mwambie hadithi yake umeisikia, mwambie palipokuuma, halafu mwombe aje siku ya kusoma. Mzee Assani naye mfuate, umwambie kwamba mwandishi huru anaomba mtumbwi wa kukalia. Kuomba hakupunguzi uhuru.

Siku ikifika, soma mwisho wako wote. Sikia vizuri: wote. Usiulainishe hata neno moja ili upendwe, maana ukifanya hivyo ndipo utakuwa mpiga chapa kweli. Watu wanahitaji mtu wa kuwaambia kwamba ziwa linaweza kubaki tupu likiwa linang'aa, na hilo umeliona wewe, si Yunisi. Ukimaliza, ondoka kwenye mtumbwi, umpishe akae yeye. Mwache asimulie kwa mdomo wake, nawe ukae chini na wanaoshona, ushike wavu kama unajua kushona, na kama hujui ushikilie tu upande mmoja. Yakiisha, kama ataridhia, chapa kitabu cha tatu chenye miisho yote miwili, wako kwanza na wake baadaye, jina lake juu ya jalada kwa herufi kubwa kama za kwako. Wewe una mashine na hakuna wa kukuzuia. Hiyo ndiyo faida ya uhuru unaoutangaza. Mchapishaji wa Dar es Salaam asingethubutu.

Limebaki la Merina, na hili ndilo lililokufanya uandike, hayo mengine ulikuwa unayazungukia.

Unasema alikujibu "sawa" akaenda kuangalia maharage, nawe ukahesabu kwamba sura yako imemwacha mtupu. Mama huyu analiishi ziwa hili. Dagaa ndio waliosomesha watoto wenu, na bila shaka ndio walionunua sehemu ya hiyo mashine yako. Ukamketisha sebuleni, ukamsomea kwa sauti yako nzuri kwamba siku moja dagaa hawatakuwepo na watu watafunga mizigo. Ulitaka apige makofi?

Kwa Yunisi alicheka kwa sababu alijua ni hadithi. Kwako alisema "sawa" kwa sababu alikuamini. Zima mashine, nenda jikoni ukakae naye.