Baiskeli Iliyolia Peke Yake Kasulo

Alhamisi, mwisho wa kiangazi. Joto limeukalia mtaa wetu wa Dilala kama mfuniko wa sufuria, na tangu alasiri jua ni jekundu kwa vumbi. Mvua inanukia lakini haiji. Nimefunga karakana mapema, jambo ambalo huwa sifanyi, nimeketi barazani na simu yangu. Nataka kuandika kwenye ukurasa huu kabla sijaanza kujidanganya kuhusu wiki hii.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: natengeneza baiskeli. Huku tunaziita kinga. Nakata mabomba mwenyewe na kuunda fremu kama baba yangu alivyonionyesha. Kila kiungo kinaingia ndani ya soketi yake, kinapashwa moto polepole, na shaba njano inayeyuka mpaka inapenya ndani kabisa. Kazi ya fremu moja, kadre kama tunavyoiita, inakula karibu wiki nzima. Ndiyo maana bei yake inawafanya watu wakune kichwa.

Lakini fremu yangu ikichoka, husema. Hukoroma siku nyingi kabla ya kuachia, na mwenyewe anapata muda wa kuniletea. Ya kuchomelea haikoromi. Ikipasuka, imepasuka.

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikimwambia mdogo wangu Ilunga, fundi wa kuchomelea, tangu arudi kutoka Likasi na mashine yake ya umeme.

“Yaya, bantu beko nalomba kinga ya bei chini,” alikuwa akiniambia mimi dada yake mkubwa kila tukikaa kula. “Tukikatala, banaenda kwa mwingine.”

“Na siku kadre inavunjika na mutu juu?”

“Haitavunjika. Mi njo nitaichoma.”

Nilichoka kubishana, nikakubali moja ya majaribio. Ilunga alichukua mabomba membamba ya chuma, akachomelea fremu asubuhi moja. Kufika saa ya kula ilikuwa imekwisha. Bei yake ilikuwa nusu ya zangu. Aliyeinunua ni Tata Mutombo, baba wa watoto wadogo, ambaye hupeleka bidoni za maji kwa wachimbaji wa Kasulo. Aliondoka akicheka, akipiga kengele mpaka kona.

Jumatatu asubuhi alirudi kwa miguu, kofia mkononi.

“Mama, ile kinga iko nalia.”

“Kadre iko nalia?”

“Hapana. Kengele. Iko napiga kengele, na hakuna mutu naishika.”

Nitasema ukweli kwa sababu hapa ndipo pa kuusemea. Nilifurahi. Nilidhani fremu inajipinda kwa joto, na kwamba leo Ilunga ataona kwa macho yake. Nilimwambia afunge mashine, tukapanda taksi-moto, ile pikipiki ya abiria, tukamfuata Mutombo Kasulo.

Nani asiyeijua Kasulo, mtaa ambao watu huchimba madini chini ya nyumba zao? Marundo ya udongo kati ya nyumba na nyumba, maturubai yamefunika midomo ya mashimo, na wewe unatembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Nyumba ya Mutombo ni ya matofali, ndogo, imefagiliwa vizuri. Mkewe, Mama Feza, alitupokea mlangoni na kututolea viti. Baiskeli ilikuwa chumbani, imeegemezwa ukutani karibu na kitanda, mahali wanapoificha wezi wasiione.

“Musiongee na nguvu,” Mama Feza alituambia. “Bantu bakiongea, inanyamaza.”

Tuliketi. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, mlango wazi. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa pazia. Kuku wa jirani walikuwa wamejipanga juu ya ukuta wa uzio, wote, na hakuna hata mmoja aliyeshuka uani kuokota kitu.

Ting.

Nilimtazama Ilunga. Naye alikuwa akinitazama.

Ting. Kisha mnyororo ukatetemeka, kidogo tu, kama mtu anayepita amegusa kwa pindo la nguo. Nilisimama nikaweka kiganja juu ya bomba la katikati. Ndani ya lile bomba kulikuwa na mapigo. Gonga, gonga, kimya. Gonga, gonga, kimya. Hayakuwa ya mashine. Yalikuwa ya mkono wa mtu asiye na haraka.

Nilikagua kila kiungo. Nilipitisha ukucha, niligonga kwa kijiko cha Mama Feza, nilichuchumaa na tochi ya simu. Nilitafuta ufa, na niliutaka huo ufa. Haukuwepo. Kazi ya Ilunga ilikuwa safi.

Basi nikainyanyua baiskeli nzima mikononi. Kimya. Nikaishusha sakafuni.

Ting.

Haikuwa fremu.

Mutombo akatueleza, macho yake chini. Zamani naye alichimba shimo sebuleni, kama majirani wote. Alilijaza udongo na kulisakafia kabla ya kuzaliwa mtoto wake wa mwisho. “Chini yetu hakuna mutu,” alisema. Ilunga akatoka kuwauliza wakubwa wa mashimo ya jirani. Wote walijibu jambo moja: njia zao zinaelekea upande mwingine. Mmoja alikubali kuinama kwenye shimo lake na kuita chini, kwa jina la Mungu, kama kuna mtu. Tulisikia jina hilo likienda na kwenda, na halikurudi na jibu.

“Ni bale balibakia kule chini,” Mama Feza alisema. Alisema juu ya waliofukiwa mashimoni kama anavyosema mtu juu ya wapangaji wake. “Habana mubaya. Beko napiga hodi tu.”

Mumewe hakumkanya.

Niliwaambia wahame leo leo. Mutombo akauliza waende wapi, na hii nyumba ndiyo mali yake yote. Ni Ilunga aliyemshawishi. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, viganja vyote viwili sakafuni, akiyasikiliza mapigo chini yake.

“Tata,” alisema polepole, “beba batoto. Sasa.”

Sijawahi kumsikia mdogo wangu akiongea vile. Mutombo pia alisikia kitu katika sauti hiyo, kwa maana hakuuliza tena. Walibeba watoto, godoro, sufuria na nguo, wakaenda kwenye ukumbi wa kanisa lao. Nilipotaka kuitoa baiskeli, Mama Feza aliniwekea mkono kifuani.

“Hapana, mama. Ile muiache. Njo ile beko naita.”

Tuliiacha kwa hao aliosema wanaiita.

Jana asubuhi chumba kiliingia ardhini. Kitanda, ukuta, baiskeli, na nusu ya ua. Nilifika watu wakiwa wamekwisha kuzunguka kwa mbali. Vumbi lilikuwa bado linatoka shimoni, halipandi kwa kasi, linatoka taratibu kama pumzi ya mtu aliyelala. Hakuna aliyeumia. Wakubwa wa mashimo waliwaita watu wao jina kwa jina, na kila jina liliitika. Hakuna mama aliyekuja kulia. Hakuna hata aliyeulizia patasi yake.

Sasa ni nani alikuwa akigonga?

Nimeandika swali hilo na kulifuta, kisha nimeliandika tena. Ilunga anasema ni vijana waliochimba kwa siri, wakatoka kabla. Huenda. Lakini vijana hutafuta madini, na hakuna mchimbaji anayegonga kwa utulivu ule, kana kwamba anajua kwamba juu kuna mtu anasikiliza.

Leo, tangu nifungue, karakana imejaa. Wabeba maji, wabeba makaa, wake za wachimbaji. Wote wanataka kitu kimoja: fremu nyembamba ya kuchomelea, na kengele kama ile. Wameshaipa jina. Kinga ya kusikiliza. Mzee mmoja aligonga fremu yangu ya shaba iliyoning'inia ukutani, akatikisa kichwa. “Hii ni nzito, haisikie kitu,” alisema.

Kwa miaka fremu za baba na zangu zimeegemea kuta za Kasulo. Nilijivuna kwamba husema kabla ya kuvunjika. Ngapi zimesimama juu ya ardhi iliyo tupu chini, zikanyamaza?

Ilunga alinivuta nyuma ya nyumba.

“Yaya, baache baamini. Sisi hatukusema uongo.”

“Tukinyamaza, tumesema.”

“Lakini ile familia iko nzima juu ya ile kinga.”

“Iko nzima kwa sababu yako wewe uliyepiga magoti,” nilimwambia. “Tukiwauzia hii, watalala juu ya mashimo wakingoja kengele. Siku isipolia?”

Ilunga akarudi mbele, akazima mashine, na ni yeye, si mimi, aliyewaambia watu kwamba baiskeli yetu haijui kitu cha chini ya ardhi, na kwamba ile nyembamba hatutaitengeneza tena. Wengi waliondoka wamekasirika. Mwanamke mmoja alinitemea mate karibu na mguu, akasema nataka watoto wake wafe ili niuze za bei kubwa.

Mutombo alikuja mwisho, watu walipopungua. Sasa analala na familia yake katika chumba cha kukodi, mbali na mashimo. Alitaka nyingine, ile ile.

“Tata, haitakulinda,” nilimwambia. “Ilitetemeka kwa sababu ni nyepesi. Ni hayo tu ninayoyajua.”

“Minajua, mama.” Alipangusa uso kwa kofia. “Lakini usiku kule ni kimya sana. Mama Feza halale. Anasema safari hii hatutasikia.”

Tulikaa kwenye benchi, yeye na mimi. Nilimwelewa, na bado sikuweza kumpa alichokuja kutafuta. Mwishowe nilimwambia nitamtengenezea ya kuchomelea, ya bomba nene, ya kubeba maji kwa miaka, kwa bei ambayo mtu aliyepoteza nyumba anaiweza. Alifikiri, akaitikia. Alipokwenda alikanyaga polepole hadi barabarani, kila hatua akiijaribu kwanza kwa ncha ya kiatu, na hapa ni Dilala, ardhi ngumu.

Kwa hiyo nimekata shauri, na nililokata si lile nililolitetea mwaka mzima. Tutauza fremu za kuchomelea. Si kwa sababu zinaita, wala kwa sababu zinaitwa. Ni kwa sababu mbeba maji anastahili kinga anayoiweza, na kiburi changu kilikuwa kimejificha nyuma ya shaba ya baba. Bomba litakuwa nene. Kila atakayenunua nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba akisikia ardhi inagonga, atoke, asingoje chuma kimwambie.

Asubuhi Ilunga atanifundisha kuchomelea. Nimemwomba mwenyewe, naye alidhani natania. Jina la karakana ni langu, na fremu yoyote itakayotoka humu, nzuri au mbaya, nataka iwe imepita mikononi mwangu.