Isotopu Iliyonipa Jina

Akheri, Jumanne

Nilimficha hata mke wangu, mpaka akafa, ukweli kuhusu isotopu adimu, aina ya atomi yenye mionzi, ninayosifiwa kwa kuigundua.

Leo mkuu wa idara alikuja na walimu wenzake na keki. "Shikamoo, Profesa! Ijumaa maabara inapewa jina lako."

"Marahaba. Kipimo changu umewahi kukirudia?"

"Ah, Mzee, nani atarudia kazi yako wewe?"

Mpumbavu. Huyo ndiye anayefundisha fizikia! Wanapiga makofi, wanakula keki, wanaondoka.

Kifua kinabana. Sijui kama Ijumaa nitafika, basi niandike.

Mionzi niliyoitangaza kuwa ya isotopu hiyo ilikuwa ya radoni, gesi yenye mionzi inayovuja kutoka kwenye mawe ya ukuta wa maabara. Niliondoa sampuli, kifaa cha kupimia mionzi kikaendelea kuhesabu vilevile. Hilo nililiona wiki moja kabla ya kuchapisha.